Kambi ya mahema Mto wa Mbu: nikope niweke kuba na kumlipa mtu wa AI, au nimalize mabafu kwanza?

MikuyuMinne (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu, na wakubwa zangu shikamooni. Uzi huu nauelekeza kwa watu wa utalii, hasa wenye kambi, wapishi na madereva wa safari, na yeyote aliyewahi kuuza malazi mtandaoni. Nina uamuzi wa kufanya kabla masika haijaisha na umeninyima usingizi wiki ya tatu sasa.

Nina kambi Mto wa Mbu, karibu na hifadhi ya Ziwa Manyara. Marehemu baba aliianzisha mwaka 1998 akiwa bado dereva wa safari, kwenye ekari mbili na nusu nyuma ya mashamba ya migomba. Kivuli chetu ni mikuyu minne na miembe. Uwanja wa nyasi unabeba mahema 25. Tuna mahema yetu sita ya turubai yenye vitanda, jiko la wapishi lenye meza nne za zege, vyoo sita na mabafu matano. Maji ya kuoga huchemka kwenye pipa lililolazwa juu ya tanuru la matofali. Mzee wetu wa kuni huwasha saa kumi jioni, na ikifika saa kumi na mbili, magari yakianza kuingia yamejaa vumbi, maji yako tayari.

Biashara yetu imekaa kwenye hesabu moja. Kambi ya umma ndani ya hifadhi, mgeni mtu mzima kutoka nje ya nchi analipa dola 30 kwa usiku, na VAT ya asilimia 18 juu yake. Kwangu anayekuja na hema lake analipa dola 10 na anaoga maji ya moto. Ndiyo maana kampuni ndogo za Arusha zimekuwa zikilaza wageni kwetu usiku wa kwanza, asubuhi wanapanda ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Karatu na Ngorongoro. Hesabu hiyo ndiyo iliyotusomesha sisi wanne. Mwaka 2020 ndege zilipositishwa, uwanja ulikaa miezi mitano bila hata hema moja. Baba alifariki mwaka uliofuata, nikaacha kazi Dodoma nikarudi nyumbani kuishika kambi.

Wageni wamerudi, lakini si wale wa zamani. Wa hema dogo na godoro la kukunja wamepungua. Wengi sasa wanataka hii inayoitwa glampingi: kulala hemani, lakini juu ya kitanda cha kweli, shuka nyeupe, taa ya kitandani, na choo ambacho hutoki nje gizani kukifuata. Pia hawasubiri tena kupangiwa na kampuni. Mtu anakaa kwao na simu, anaiuliza ChatGPT, programu ya AI (akili unde) inayojibu maswali, alale wapi karibu na Ziwa Manyara, anapewa majina matatu, anaandika WhatsApp saa nane za usiku kwetu. Nikiamka saa kumi na mbili kujibu, keshalipia kwingine.

Mwaka jana kijana mmoja wa masoko alinifuata. Nilimpa picha zangu saba, akazipitisha kwenye AI. Ziliporudi, hema langu la tatu lilikuwa limesimama juu ya jukwaa la mbao, pembeni beseni jeupe la kuogea, na mbele yake ziwa limejaa heroe. Kwetu ziwa halionekani. Kati yetu na maji kuna migomba, kuna mashamba ya mpunga, ndipo uanze kuzungumzia ziwa. Nilizitazama kwenye simu haraka haraka jioni ya wageni wengi, nikasema ziko vizuri, weka. Kosa hilo ni langu na nalibeba.

Mwezi wa nane wakafika mke na mume kutoka Uholanzi. Walikuwa na siku kumi na moja barabarani, wametoka Serengeti, na usiku wa kwetu ndio waliouweka kwa ajili ya miaka ishirini ya ndoa yao. Mume alishuka na simu mkononi, picha iko wazi, akaanza kulizunguka lile hema. Akaenda nyuma. Akarudi mbele. Mke hakusema neno, alikaa juu ya begi lake chini ya mkuyu, akawa anaangalia upande ambao ziwa lilipaswa kuwepo, akaona migomba tu. Hawakunigombeza. Waliniuliza kwa upole kama wamekosea kambi. Niliwarudishia fedha yote, dereva akawapandisha loji ya juu usiku ule ule. Mimi nilibaki na shuka nilizozipiga pasi kwa ajili yao. Maoni waliyoandika yalikuwa mafupi, bila matusi: picha si za mahali hapa. Nyota zetu zilishuka kutoka 4.6 hadi 4.3, na tangu hapo kampuni mbili zimeacha kuleta watu.

Sasa kijana yule amerudi na mpango mkubwa zaidi. Anataka nikope benki, niweke kuba nne za plastiki, yaani vibanda vya mviringo vya kulala wageni, zenye ukuta wa mbele unaoonyesha nje, milioni 14 kila moja kabla ya jukwaa. Halafu nimlipe laki nne na nusu kwa mwezi: matangazo yanayojiandika, roboti ya WhatsApp inayojibu usiku kucha, na bei zinazopanda na kushuka zenyewe. Anasema kambi isiyo na AI itakufa ndani ya miaka miwili.

Upande wa pili, nina milioni 11 mkononi. Zinatosha kujenga bafu na choo nyuma ya mahema mawili, kubadilisha magodoro yote, na kupaka dawa ya ukungu turubai ambazo masika hii imezishika vibaya.

Jambo jingine. Niliiuliza hiyo AI kuhusu kambi yetu. Ilitutaja, nikafurahi, halafu nikasoma kwamba tuna bwawa la kuogelea. Hatujawahi kuwa na bwawa. Mnafanyaje na hili? Naombeni ushauri wa mtu aliyefanya, hata kama ni mkali.

Sufuria Kuu

Dada, pole kwa msiba wa mzee. Namkumbuka. Nimepika safari miaka 17, na kwenu nimepika mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mzee wako alikuwa akija jikoni saa moja usiku kuuliza wapishi kama maji yanatoka. Hakwenda kwa wageni kwanza.

Nikwambie jambo ambalo huyo kijana hawezi kulijua. Kwa safari za bei nafuu, kambi inachaguliwa na dereva na mpishi. Ofisi inasema tu lala Mto wa Mbu, mtu anapewa fedha ya kambi mkononi. Sisi tunaangalia bomba la jikoni lina nguvu gani, kuna taa au nitakata vitunguu na tochi mdomoni, kuna soketi ya kuchaji, na dereva atalala wapi. Kwenu mara ya mwisho, Oktoba, taa mbili kati ya tatu za jikoni zilikuwa zimeungua. Nilipika supu ya maboga ya watu tisa kwa taa ya gari. Safari iliyofuata tulilala kwa jirani yako. Sikukwambia, na hapo nilikosea, ningekwambia.

La pili ni tumbili. Kwenu wako wengi na wamejifunza zipu. Mgeni akiacha vichwa viwili vya zipu vikikutana katikati, tumbili anaingiza kidole anavuta. Nimemwona mmoja akitoka na dawa ya meno, akapanda nayo juu ya mkuyu, akaibonyeza yote. Mgeni alicheka, lakini yule wa hema la pili alikuwa na dawa zake za kisukari. Nunua vikufuli vidogo, kila hema kimoja, na mwambie kila anayeingia: vichwa vya zipu vipeleke juu kabisa, funga.

Kuhusu kuba, kaa ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa saa nane mchana hapo Mto wa Mbu, ndipo usaini mkopo. Huko ni bondeni. Karatu, juu, kuna baridi na kuba inaweza kufaa. Kwenu turubai iliyo chini ya mkuyu, yenye madirisha ya wavu pande zote, ndiyo mgeni analala.

UpepoWaLongonot

Salamu kutoka Naivasha. Dadangu, mimi ndiye yule aliyenunua kuba. Nilianza 2021 na nne, nikaongeza mbili, kwa hivyo nitakueleza bila kuficha.

Huku zilifanya kazi, na sababu ni tatu ambazo wewe huna. Nairobi iko karibu, na Wakenya wenyewe, wakati wa korona walipokosa kusafiri nje, walianza kutafuta mahali pa kulala wikendi na kupiga picha. Wateja wangu karibu wote ni wa hapa hapa nchini, wapenzi na vikundi vya marafiki, wanalipa kwa M-Pesa Jumatano, wanaingia Ijumaa, Jumamosi wanaendesha baiskeli kwenye hifadhi ya Hell's Gate, Jumapili wanarudi. Pili, tuko juu, usiku ni baridi. Tatu, kuba inapendeza kwa TikTok na hao ndio wateja wanaotazama TikTok. Mgeni wako ni Mholanzi anayelala usiku mmoja akielekea kreta ya Ngorongoro. Hakuja Afrika kuona plastiki.

Sasa yale ambayo muuzaji hakuniambia. Ile sehemu ya mbele inayopitisha mwanga iligeuka manjano kabla ya miaka mitatu kwa sababu ya jua, na kuibadilisha ni pesa. Alfajiri umande hujikusanya ndani, kwa juu, unadondoka juu ya kitanda. Niliamua usiku mmoja kulala humo mwenyewe nijue wageni wanalalamikia nini, tone la kwanza likanipata shingoni saa kumi na moja. Niliweka tundu la hewa juu na feni ndogo ya sola, ikapungua. Mchana hakuna anayekaa ndani. Jumatatu hadi Alhamisi ziko tupu, na mkopo haujui Jumatatu.

Jambo lingine, angalia maji kabla ya kujenga chochote. Mwaka 2020 ziwa letu lilipanda, majirani wa chini walipoteza viwanja na majengo. Mimi niko juu kidogo, nikapona. Nasikia hata maziwa yenu ya Bonde la Ufa yalifanya hivyo.

Akili unde naitumia, sikatai. Inaniandikia maelezo ya Instagram kwa Kiingereza safi na inanipangia ratiba ya kufua shuka. Picha, hapana. Naita mpiga picha mara mbili kwa mwaka, namlipa kwa usiku mbili za bure na nauli.

MikuyuMinne

Asanteni sana. Sufuria Kuu, taa nimekwenda kuziangalia jioni hii hii. Ni kweli, na iliyobaki nayo inapepesa. Kumbe nilikuwa nahangaika na tangazo la Facebook huku mpishi anakata vitunguu gizani. Imeniuma.

Kaka wa Naivasha, umande huo sikuufikiria kabisa. Sasa swali langu limebaki upande wa AI. Roboti ya kujibu usiku, na bei zinazojibadilisha. Kuna mtu ameziona zikifanya kazi kwenye kambi, si kwenye hoteli ya ghorofa?

Mpwani wa Utah

Asalaam aleikum nyote. Mimi ni mtu wa Tanga, niko Marekani mwaka wa tisa, na nafanya kazi mapokezi kwenye kambi ya mahema na magari-nyumba karibu na Moab, Utah. Nitakueleza niliyoyaona, wewe utapima.

Huku kambi ni biashara ya zamani. KOA, kampuni kubwa ya kambi, ilianza mwaka 1962 huko Billings, Montana, na watu wamezoea kulipia kipande cha ardhi chenye bomba na soketi. Halafu mwaka 2013 ikaja Hipcamp, tovuti ambayo mkulima yeyote anaweza kuweka kona ya shamba lake akauza usiku mmoja mmoja. Ndipo glampingi ikashika. Kambi yetu ina mahema tisa makubwa yenye vitanda, na hayo tisa yanaleta karibu nusu ya mapato, ingawa ndiyo yanayotuchosha zaidi. Upepo wa jangwani ukivuma, mimi na mwenzangu tunakaza kamba saa nane za usiku.

Bei zinazojibadilisha tunazo. Zinaangalia siku zilizobaki, nafasi zilizobaki, sikukuu. Kuna hata ada ya kushikilia namba fulani ya kiwanja, mtu akitaka hasa kile cha chini ya mti. Fedha imeongezeka, lakini kazi yangu imekuwa kuwaeleza wageni kwa nini jirani yao kalipa pungufu. Huku wamezoea, tiketi za ndege ziko hivyo. Kwako wewe, kampuni ya Arusha imeshampa mgeni bei ya safari nzima miezi minane kabla. Akikuta umepandisha Agosti kwa sababu mashine imeona watu wengi, hatakuletea mtu tena. Kaa na bei ya msimu na bei ya masika, ziandike, ziheshimu.

Roboti ya usiku ndiyo ningekushauri ujaribu, kwa namna yetu. Mwenye kambi alikaa na sisi wa mapokezi siku mbili mwezi wa Januari, tumefunga kwa baridi. Tuliandika kila swali ambalo mgeni aliwahi kuuliza. Yalifika 140. Majibu tuliyaandika sisi, kwa mikono yetu: lango linafungwa saa ngapi, hema lina upana gani, mbwa anaruhusiwa wapi, maji ya moto yanaisha saa ngapi. Mashine inachagua kutoka humo tu. Swali lisilomo, inasema mtu atakujibu asubuhi. Kabla ya hapo, walipoiacha ijibu kwa kichwa chake, ilimwambia mama mwenye mtoto wa kiti cha magurudumu kwamba njia zetu zote ni tambarare. Ni changarawe na mteremko. Mama yule aliendesha saa sita kutoka Denver. Nilimsukuma mtoto wake mimi mwenyewe hadi hemani, na siku ile nilimwambia bosi nitaacha kazi kama hatubadilishi.

Na jihadhari na huyo kijana asije akakuandikia maoni ya wageni kwa AI. Huku serikali kupitia FTC, tume yake ya biashara, imeyapiga marufuku maoni ya uongo, yakiwemo ya AI, kanuni ilianza kutumika Oktoba 2024. Hata kama sheria haikufikii wewe, Mmarekani anayesoma maoni yako amekwisha kuwa na shaka.

Fundi Matangazo

Mimi nafanya kazi kama ya huyo kijana, niko Sakina, Arusha. Nitasema upande wetu, maana uzi unaelekea kumfukuza.

Picha zile ni kosa kubwa na mimi nisingezitoa. Lakini dada, usiitupe AI kwa sababu ya beseni. Tangu Google ianze mwaka 2024 kuweka jibu la AI juu ya orodha ya tovuti, watu wengi hawabonyezi chini. Wanasoma lile jibu, basi. Jibu hilo linatengenezwa kutokana na kilichoandikwa kuhusu wewe, popote pale: tovuti yako, maoni ya wageni, kurasa za mawakala, iOverlander ambako wasafiri wa magari huorodhesha kambi. Ndiyo maana ukapewa bwawa. Kuna ukurasa mahali umesema una bwawa. Utafute kwa jina la kambi na neno hilo, umwandikie mwenye ukurasa, na wakati huo huo andika kwenye tovuti yako kwa sentensi iliyonyooka: kambi haina bwawa la kuogelea. Kwenye ukurasa wako wa ramani za Google rekebisha orodha ya huduma. Kazi hii haihitaji laki nne na nusu kila mwezi. Ni siku tatu za mtu makini, kisha kuangalia kila mwezi.

Na usimpe mtu yeyote daftari la wageni, namba za pasipoti na simu, ati akalishe mashine. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Aliyekusanya taarifa hizo ni wewe, na utakayeulizwa ni wewe.

Nakubaliana na mpishi kuhusu dereva, ila kwa kiasi. Wageni wanaojipangia wenyewe wanaongezeka na hao dereva hawaamulii. Unahitaji wote wawili.

MikuyuMinne

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Imepita miezi minane, samahani kwa kimya, msimu ulikuwa mrefu.

Kuba sikununua. Nilijenga bafu na choo nyuma ya mahema mawili, ukuta wa mawe ya ukingoni hadi usawa wa kichwa, nusu ya juu wazi. Mtu akioga usiku anaona nyota na matawi ya mkuyu. Mabomba nimeyaunga kwenye lile lile pipa la mzee, nikaongeza la pili. Mahema hayo mawili nayauza dola 65 kwa watu wawili, chai ya asubuhi ndani yake, na ndizi nyekundu za kwetu mezani. Magodoro yamebadilishwa yote. Turubai tulizisugua kwa siku tisa, na mbili zilishindikana, nimezishona kuwa mapazia ya jikoni.

Picha nilipiga mwenyewe kwa simu, saa kumi na moja jioni jua likiwa limelala. Hema, ukuta wa mawe, migomba nyuma. Moja ina tumbili amekaa juu ya kamba ya hema, na ndiyo ya kwanza kwenye ukurasa. Chini yake nimeandika: ziwa halionekani kutoka kambini, lango la hifadhi unafika kwa gari kwa dakika chache, na tumbili wanajua kufungua zipu, tutakupa kufuli.

Kwa roboti nilifuata njia ya kaka wa Utah. Tulikaa jikoni mimi, mzee wa kuni, binti wa usafi na dereva mmoja, tukaandika maswali 43. Mzee wa kuni alitoa ambayo mimi nisingeyakumbuka: kwamba wageni humuuliza kama kuni zimekatwa msituni. Hapana, ni matawi ya miembe ya kupogolea na magogo tunayonunua kwa risiti. Sasa liko kwenye majibu. AI ilinisaidia kuyaweka kwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa. Mwongoza watalii mmoja anayejua Kifaransa aliyasoma, akakuta mashine imeandika kwamba tuna choo kimoja cha pamoja, badala ya vyoo sita vya pamoja. Kijerumani kilisomwa na mgeni, nikampa chakula cha jioni. Ikifika swali la ugonjwa, la mtoto, la punguzo au la malalamiko, mashine inanyamaza, simu yangu inalia. Nimelala vizuri zaidi ya mwaka jana, ingawa Septemba niliamshwa saa tisa na baba aliyekuwa bado Nairobi na mtoto mwenye homa. Nilimwelekeza hospitali, wakaja kwetu siku mbili baadaye, mtoto akiwa mzima.

Bwawa liliondoka. Ilichukua wiki sita na barua pepe nne kwa wakala, kisha miezi mingine hadi mashine zenyewe zikaacha kulitaja. Fundi Matangazo, mbinu yako ya kuandika "hatuna" ndiyo iliyofanya kazi. Sasa ukiuliza, jibu linasema kambi tulivu chini ya mikuyu, bafu za mawe, hakuna bwawa, tumbili. Kila neno humo nalijua lilikotoka.

Kuanzia Julai hadi Oktoba nimepata oda 31 za moja kwa moja kwa WhatsApp, ambazo hakuna wakala aliyekata kamisheni ya asilimia 15. Nyota zimepanda hadi 4.5. Kampuni moja kati ya zile mbili imerudi. Ya pili bado, na nimeacha kuisukuma. Deni nililonalo ni la saruji tu, nitalimaliza Januari. Mchwa wamekula ngazi ya mbao ya hema la tano, hilo ndilo linalofuata.

Wale Waholanzi niliwaandikia Mei, nikawatumia picha mpya bila kuomba wabadilishe walichoandika. Mke ndiye aliyejibu. Aliuliza kama ule mti aliokaa chini yake ni mkuyu, kwa sababu hakuusahau.

Sufuria Kuu, taa zote tatu za jikoni zinawaka na nimeongeza ya nne juu ya meza iliyo karibu na bomba. Soketi ziko nane. Safari yako ijayo nitumie ujumbe ukifika Makuyuni, nimwambie mzee aanze kuwasha.